Wakaguzi wa nyuklia huwa wanatafuta nini hasa? Kisa cha Iraq 1991 na vilivyofuata (uzi mrefu, njoo na chai yako)

Mkaa Pembeni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye ule uzi wa Iran kuna mdau alisema wakaguzi wa IAEA (Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, makao yake Vienna) kazi yao ni kuzunguka na kipima mionzi: kikilia wamekamata mtu, kisipolia wanapanda ndege kurudi Vienna. Wengi mlimuunga mkono. Nikaona hapana, hili jambo lina utamu wake na linastahili uzi. Mkaguzi hatafuti bomu lililokaa mezani. Anatafuta hesabu isiyofunga: umeme mwingi mno kwa kiwanda kidogo, karatasi iliyosahaulika kabatini, vumbi linalosema tofauti na mwenye nyumba.

Naanza na Iraq, maana kanuni nyingi za leo zilizaliwa pale.

Iraq ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia (NPT) tangu 1969. Wakaguzi walikuwa wakienda Tuwaitha, kituo kikubwa cha utafiti nje kidogo ya Baghdad, wanahesabu fueli ya kinu cha nyuklia, wanaangalia lakiri kama hazijaguswa, wanaandika ripoti, kwaheri. Kila kitu kiko sawa. Kumbe ndani ya uzio huohuo, majengo ya jirani tu, watu walikuwa wanarutubisha urani (kutenga ile sehemu inayofaa kwa bomu, nitaeleza mbele) kwa siri. Wakaguzi hawakuingia humo kwa sababu utaratibu wa wakati ule uliwapeleka kwenye yale tu ambayo nchi yenyewe imeyatangaza. Yaani mshukiwa ndiye anakuchagulia chumba cha kupekua, halafu unamwandikia cheti kwamba nyumba ni safi.

Vita ya Ghuba ikaisha, na tarehe 3 Aprili 1991 Baraza la Usalama likapitisha Azimio 687. Iraq ikapewa siku 15 itaje kila ilichonacho. Kemikali, vijidudu na makombora vikawa chini ya tume mpya ya Umoja wa Mataifa, UNSCOM, iliyoongozwa na Rolf Ekéus wa Sweden. Nyuklia ikabaki kwa IAEA, naye mkuu wake alikuwa Msweden, Hans Blix. Jibu la kwanza la Baghdad: hatuna kitu.

Mei wakaguzi wakaingia, na moja ya sehemu walizopelekwa ni Tarmiya, kaskazini mwa Baghdad. Majengo makubwa, yamepigwa mabomu, hayana hata uzio wa maana. Wenyeji wakasema hiki ni kiwanda cha transfoma.

Nakuja na sehemu ya pili, ngoja nichaji simu.

Jirani Mpole

Nimeweka kiti cha mbele kabisa. Tiririka mkuu.

Fundi wa Laini Kubwa

Hapo kwenye transfoma naomba nafasi, ndiyo shughuli iliyonilea.

Mkuu kachokoza kitu kizuri na nadhani ataruka juu juu. Tarmiya ilikuwa inalishwa umeme wa megawati zaidi ya 100, na kebo zimefukiwa chini kutoka kituo cha kupozea umeme kilicho mbali, ili picha za angani zisionyeshe nguzo. Sasa fundi yeyote akisikia hivyo anajiuliza mara moja: kiwanda cha transfoma megawati zote hizo za nini? Kupima transfoma kunataka volti, na kunataka kwa muda mfupi. Unapandisha, unasoma, unashusha. Mzigo wa kudumu wa kiasi hicho unauona kwenye viwanda vya kuyeyusha alumini, si kwa watu wanaosuka waya wa shaba. Na nani anafukia laini ya kiwanda cha transfoma? Gharama yake peke yake ingemfukuzisha meneja kazi.

Mkaa Pembeni

Fundi umenifilisi, lakini asante, hapo ndipo palipokuwa mtego wenyewe.

Urani inayotoka ardhini ni aina mbili zilizochanganyika. Ile inayofaa kwa bomu, namba 235, haifiki hata asilimia moja (ni 0.7 hivi). Ili upate bomu unaitenga mpaka ifike asilimia 90 na ushee. Njia ya kisasa ni sentrifuji, mitungi inayozunguka kwa kasi ya kutisha. Lakini kuna njia ya kizee: unaigeuza urani kuwa chembe zenye chaji, unazirusha ndani ya sumaku kubwa, na ile nyepesi inakata kona kali kidogo kuliko nzito. Unaziokota mwisho wa safari, gramu kwa gramu. Mitambo hiyo inaitwa kalutroni. Wamarekani waliitumia Oak Ridge wakati wa Vita Kuu ya Pili kupata urani ya bomu la Hiroshima, kisha wakaiacha kwa sababu inakula umeme kama haina akili nzuri. Maelezo yake yakaachwa wazi vitabuni. Wataalamu wa miaka ya 1980 walikuwa wanalinda vipuri vya sentrifuji visiuzwe hovyo, na hakuna aliyefikiri mtu angerudi kwenye teknolojia ya mababu.

Iraq ilirudi. Tena kwa akili: chuma, shaba, umeme, vitu ambavyo hakuna atakayekuuliza unanunua vya nini. Picha za vyuma vikubwa vya duara kutoka Iraq zilipoonyeshwa kwa mzee mmoja wa Oak Ridge aliyewahi kufanya kazi na mitambo hiyo, akavitambua palepale.

Juni ikaja timu ya pili, kiongozi wake David Kay, Mmarekani. Tarehe 23 wakaenda kambi moja ya jeshi Abu Ghraib, wakazuiwa getini. Waliporuhusiwa siku chache baadaye, vitu vimehamishwa. Tarehe 28 wakatokea kambi nyingine karibu na Fallujah. Mlangoni tena maneno: kamanda hayupo, hatuna amri, subirini. Mkaguzi mmoja akapanda mnara wa tangi la maji uliokuwa pale karibu na geti. Kule juu akaona geti la nyuma limefunguliwa na msafara wa malori makubwa ya kubebea vifaru unatoka mbio, mizigo imefunikwa kienyeji, vyuma vya duara vinaonekana. Wenzake wakaruka kwenye magari wakazunguka kuwafukuzia, huku wanapiga picha. Askari wakafyatua risasi hewani, juu ya vichwa vyao. Picha zikabaki salama.

Tarehe 7 Julai Iraq ikatoa tamko jipya: kweli tulikuwa tunarutubisha urani, tena kwa njia zaidi ya moja, lakini ni kwa matumizi ya amani.

Bint Pangani

"Matumizi ya amani" na malori yanakimbia kwa geti la nyuma 😂

Mzee wa Hoja Nzito

Nimesoma kwa utulivu. Mleta mada unasimulia vizuri lakini unatuficha upande wa pili. UNSCOM ilikuwa imejaa majasusi. Mwaka 1999 magazeti ya Marekani yenyewe yaliandika kwamba ukaguzi ulitumiwa kunasa mawasiliano ya walinzi wa Saddam. Sasa wewe ungekuwa Rais, unamfungulia jasusi mlango wa ikulu eti kwa sababu kavaa kofia ya bluu? Na mwisho wa yote silaha zilikuwa wapi? 2003 Wamarekani walivamia wakakuta mchanga.

Mkaa Pembeni

Mzee, shikamoo. Hoja zako zote mbili nazijibu, ila niruhusu nimalize Septemba 1991 kwanza, maana bila hiyo jibu halieleweki.

Kufikia hapo IAEA ilikuwa na ushahidi wa kurutubisha. Haikuwa na ushahidi wa bomu. Unaweza kuwa na unga bila kuwa na nia ya kupika. Basi timu ya sita ikaja ikiongozwa na Kay pamoja na Robert Gallucci wa UNSCOM, na safari hii walikuwa wanatafuta karatasi tu. Tarehe 23 asubuhi na mapema wakaingia jengo moja katikati ya Baghdad, wakaanza kupekua makabati, wakakuta nyaraka za usanifu wa silaha. Wairaqi wakazichukua kwa nguvu, baadaye wakarudisha sehemu. Kesho yake, tarehe 24, wakavamia jengo la pili: makao makuu ya mradi uliokuwa umepewa jina la Petrokemikali 3. Jina la kiwanda cha plastiki, lakini majalada yake yalikuwa ya mradi mzima wa nyuklia, pamoja na orodha ya wafanyakazi.

Walipotoka na makaratasi yao, wakaambiwa yaacheni. Wakagoma. Watu 44 wakazuiwa kwenye maegesho ya magari ya jengo lile kwa siku nne, wanalala ndani ya magari na mabasi, joto la Baghdad mnalijua kwa kusikia. Kilichowaokoa kilikuwa simu ya setilaiti. Siku zile ni sanduku zima na sahani yake, si kitu cha mfukoni. Wakawa wanapigiwa na vyombo vya habari vya dunia nzima, wanahojiwa moja kwa moja wakiwa wamekaa juu ya ushahidi. Serikali yoyote ingepata tabu kuwafanyia ubaya watu ambao wako hewani. Tarehe 28 wakaachiwa, kwa makubaliano kwamba nyaraka zitaorodheshwa kwa pamoja na wenyeji.

Ndani ya makaratasi hayo kulikuwa na ripoti ya maendeleo ya kituo cha Al-Atheer, kusini mwa Baghdad. Hiyo ndiyo iliyoonyesha kazi ya kubuni bomu lenyewe: vilipuzi, kiini, mpangilio wa kulipua. Al-Atheer kikalipuliwa 1992 chini ya usimamizi wa IAEA.

Mzee, kwa hiyo: mwaka 1991 Iraq ilikuwa na mradi wa kweli wa bomu. Hilo halina ubishi, na Wairaqi waliofanya kazi humo wameandika wenyewe baadaye.

Kuhusu majasusi, uko sahihi na sina cha kupunguza. Wataalamu wengi wa UNSCOM walikuwa wameazimwa na serikali zao na mishahara inatoka huko huko. Mtu anayelipwa na Washington taarifa zake zinafika Washington. Habari zilipolipuka Januari 1999, UNSCOM ilikufa. Desemba mwaka huohuo Azimio 1284 likaunda tume mpya, UNMOVIC, ambayo wafanyakazi wake waliajiriwa na Umoja wa Mataifa moja kwa moja. Wakati huo Iraq ilikuwa imekaa mwaka mzima bila ukaguzi wa maana, na ikaja kukaa mpaka mwishoni mwa 2002.

Mzee wa Hoja Nzito

Marahaba. Umejibu nusu. Nasubiri 2003.

Fundi wa Laini Kubwa

Wakati tunasubiri, kuna kile kisa cha banda la kuku. Kipo kweli au hekaya?

Mkaa Pembeni

Kipo kweli. Agosti 1995 Hussein Kamel, mkwe wa Saddam na aliyekuwa bosi wa viwanda vya silaha, alikimbilia Jordan. Baghdad ikapata kiwewe: huyu atasema yote. Siku chache baadaye wakawaita wakaguzi na kuwapeleka kwenye shamba la kuku la mkwe huyo nje ya mji. Ndani ya banda, masanduku kwa masanduku ya nyaraka, zaidi ya kurasa nusu milioni. Serikali ikasema jamaa ndiye alizificha bila wao kujua. Haya. Nyaraka zilionyesha pia kwamba baada ya kuivamia Kuwait 1990, Iraq ilianzisha mpango wa dharura wa kuchukua fueli ya kinu cha utafiti, ileile ambayo wakaguzi walikuwa wanaihesabu na kuipiga lakiri, ili watengeneze bomu moja la haraka. Kamel alidanganywa akarudi nyumbani Februari 1996, akauawa ndani ya siku chache.

Na bado haikuisha. Mwaka 2003 mwanasayansi Mahdi Obeidi aliwaonyesha Wamarekani bustani yake Baghdad. Chini ya waridi kulikuwa na pipa lenye michoro na vipuri vya sentrifuji, vimefukiwa tangu baada ya vita ya 1991. Miaka yote ile wakaguzi wanapita barabarani, mke anamwagilia maua.

Bint Pangani

Mimi ni mtu wa maabara, maabara ya kawaida tu ya hospitali, damu na mkojo. Sehemu inayonivutia ni vumbi, na naona mleta mada hajafika huko, kwa hiyo kwa ruhusa yenu.

Baada ya aibu ya Iraq, IAEA ilianza kutumia sampuli za mazingira. Mkaguzi anaingia na vifurushi vilivyofungwa kutoka maabara safi. Anavaa glavu jozi mbili. Anatoa kitambaa cheupe cha pamba, kinatoshea kiganja, anafuta juu ya bomba, kona ya dirisha, tundu la kupitisha hewa, mahali ambapo mfagizi hafiki. Kitambaa kinaingia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo kwenye mfuko mwingine, kinapewa namba. Jina la nchi haliandikwi. Zinakwenda Seibersdorf, karibu na Vienna, kisha nyingine zinasambazwa kwa maabara za nchi mbalimbali ambazo nazo hazijui zinapima vumbi la nani. Hapo nasimama na kupiga makofi, maana sisi huku mgonjwa anaandikwa jina, ukoo na wakati mwingine hadi jina la mjomba aliyemleta.

Kinachotafutwa ni chembe moja moja. Mashine inasoma uwiano wa ile 235 na ile nzito, 238, ndani ya chembe ambayo macho hayawezi kuiona. Ukishafanya kazi na urani kwenye chumba, unaweza kupiga deki mpaka uchoke, chembe zitabaki.

Mfano ni Kalaye Electric, karakana moja ya Tehran. Mwanzoni mwa 2003 IAEA iliomba kuchukua sampuli, ikakataliwa. Ikaomba tena, ikazungushwa. Ilipokuja kuruhusiwa Agosti, wakaguzi wakakuta jengo limefanyiwa ukarabati wa nguvu. Wakafuta vumbi hivyohivyo. Majibu: chembe za urani iliyorutubishwa, tena nyingine kwa kiwango cha juu. Iran ilikuwa imesema haijawahi kujaribu sentrifuji zake kwa urani. Oktoba ikakiri kwamba ilijaribu, hapo hapo Kalaye.

Ila vumbi halina upande. Iran ilijitetea kwamba zile chembe za kiwango cha juu zilikuja na vipuri vilivyonunuliwa nje, vilikuwa vimeshachafuka. Dunia ikacheka. Mwaka 2005 Pakistan ikatoa vipuri vyake vipimwe, na matokeo kwa sehemu kubwa yakaunga mkono maelezo ya Iran. Vumbi lilelile lililowaumbua kwa uongo mmoja likawasafisha kwa tuhuma nyingine. Hapo ndipo nilipoiheshimu hii kazi.

Jirani Mpole

Dada umetisha. Sasa nikipiga sakafu epoksi na rangi mpya juu, bado mtaniona?

Bint Pangani

Kaka, utaacha tundu la kiyoyozi. Wote huacha. Na ukiamua kubomoa jengo zima, basi tunachimba udongo. Syria ilifanya hivyo kule Al Kibar, jangwani upande wa Deir ez-Zor. Waisraeli walilipua jengo Septemba 2007, Syria ikasawazisha mahali hapo na kujenga jengo jipya juu. Wakaguzi walifika Juni 2008 na bado wakapata chembe za urani iliyopita mikononi mwa binadamu. Damascus ikasema zimetoka kwenye makombora ya Israel. Mwaka 2011 IAEA ikahitimisha kwamba kuna uwezekano mkubwa palikuwa na kinu cha nyuklia.

Ba Mdogo Kigoma

Korea Kaskazini ndiyo kiboko. Walitangaza 1992 kwamba wamewahi kutenga plutoni (nayo ni ya kutengenezea bomu) kidogo sana, gramu 90 hivi, mara moja tu. Wakaguzi wakachukua vumbi. Plutoni ikikaa inazaa elementi nyingine, amerisi, polepole kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu imetengwa mwaka gani. Hesabu ikaonyesha ilitengwa miaka tofauti, si mara moja! Jamaa walidhani wanapimwa wamefanya nini, kumbe wanapimwa wamefanya lini. IAEA ikaomba kukagua sehemu mbili za takataka za mionzi, moja imefunikwa udongo na kupandwa miti juu. Picha za setilaiti zikaonyeshwa kwenye Bodi ya Magavana ya IAEA, Vienna, Februari 1993. Machi, Pyongyang ikatangaza inajitoa NPT.

Halafu kuna pango la Kumchang-ri. Marekani ilishuku 1998 kwamba mlima mzima unachimbwa kuficha kinu. Baada ya mazungumzo marefu na misaada mikubwa ya chakula, timu ikaingia Mei 1999. Wakakuta mahandaki matupu. Wakarudi mwaka uliofuata, matupu vilevile.

Mzee wa Hoja Nzito

Ahsante Ba Mdogo, umenifanyia kazi yangu. Mahandaki matupu! Mleta mada, 2003.

Mkaa Pembeni

Haya Mzee, 2003.

Azimio 1441 la kuwarudisha wakaguzi Iraq lilipita 8 Novemba 2002, na kufikia tarehe 27 wakaguzi walikuwa kazini. Blix alikuwa amerudi kuongoza UNMOVIC, na IAEA iko chini ya Mohamed ElBaradei, Mmisri. Hawakuwa watu wa kubembeleza. Kufikia 7 Machi 2003 ElBaradei aliliambia Baraza la Usalama kwamba wamefanya kaguzi 218 za nyuklia katika sehemu 141. Kulikuwa na tuhuma mbili nzito. Ya kwanza ni mirija ya alumini yenye kipenyo cha milimita 81 ambayo Washington ilisema ni ya sentrifuji. Wakaguzi wakafuatilia michoro, mikataba ya ununuzi, vipimo, wakaona ni ya roketi za kawaida. Ya pili ni barua za kununua urani Niger. IAEA ilipokabidhiwa nakala ilichukua muda mfupi tu kuzifumua: moja ilikuwa ya mwaka 2000, ina jina la waziri wa mambo ya nje aliyekuwa ameondoka kwenye nafasi hiyo tangu 1989. ElBaradei alisema wazi mbele ya Baraza kwamba nyaraka si halisi, na kwamba hawajaona dalili kuwa mradi wa nyuklia umefufuliwa.

Siku kumi na tatu baadaye vita ikaanza.

Na mtu aliyepewa kazi ya kuzisaka silaha baada ya uvamizi? David Kay, yuleyule wa maegesho. Januari 2004 akaiambia kamati ya Seneti ya Marekani kwamba karibu wote tulikosea.

Kwa hiyo Mzee, mimi na wewe tunagombana bure hapa. Ukaguzi ulifanya kazi mara zote mbili. 1991 walikuta kilichokuwepo. 2003 walisema hakipo, na hakikuwepo. Walioshindwa ni waliokuwa wanasubiri jibu lingine.

Mzee wa Hoja Nzito

Hapo "ulifanya kazi" sikubali. Kazi ambayo matokeo yake hayasomwi ni kazi gani? Raia wa Iraq hawakufa kwa sababu ukaguzi ulikosea, walikufa kwa sababu ulikuwa geresha. Na Saddam naye alijua: akifungua milango anaonekana dhaifu mbele ya Iran, akifunga anapigwa. Mtego pande zote.

Mkaa Pembeni

Hilo la Iran ni kweli, lilitoka kwenye mahojiano yake alipokuwa kizuizini. Aliogopa majirani wajue hana kitu. Na kuthibitisha kwamba huna kitu ni kazi ngumu kuliko kuthibitisha unacho. Wairaqi waliharibu vitu vingi kimyakimya kiangazi cha 1991 bila mashahidi na bila karatasi kamili, halafu miaka kumi baadaye wanaambiwa onyesheni risiti.

Linganisha na Afrika Kusini. Machi 1993 Rais de Klerk alisimama bungeni akasema tulikuwa na mabomu sita, tumeyafumua. Wakaguzi wakaambiwa njooni popote, muda wowote. Wakapewa daftari za uzalishaji za miaka mingi, wakaongea na mafundi wenyewe, wakapelekwa hadi kwenye mashimo ya majaribio jangwani Kalahari, yakazibwa wakiwa wanaona. Kazi ikaisha bila mtu kupanda mnara wa maji.

Jirani Mpole

Swali la kizembe: na sisi Tanzania je? Mkuju, kule Ruvuma, ina urani. Hawa jamaa wanakuja?

Ba Mdogo Kigoma

Si la kizembe. Tanzania ina mkataba wa ukaguzi na IAEA na pia Itifaki ya Ziada, ile iliyotungwa 1997 kutokana na aibu ya Iraq. Hiyo ndiyo inaingiza hadi migodi ya urani na kuruhusu wakaguzi kufika sehemu ambazo hazikutangazwa. Upande wetu anayeshughulika ni TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu. Lakini urani ya mgodini ni unga wa njano tu, haijarutubishwa, safari kutoka hapo hadi bomu ni ndefu mno. Kwa ukanda huu wenye historia nzito ni jirani zetu Congo: sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Waliochimba hawakuambiwa ni ya nini.

Fundi wa Laini Kubwa

Mimi niulize la kiufundi. Mkaguzi amefika getini, mlinzi kamwambia rudi. Basi? Hana bunduki.

Mkaa Pembeni

Hana. Anaandika saa aliyofika, saa aliyokataliwa, na nani kamkataa. Taarifa inakwenda Vienna, kwa Mkurugenzi Mkuu, kisha Bodi ya Magavana ya nchi 35. Bodi inaweza kutamka kwamba nchi imekiuka na kulipeleka suala Baraza la Usalama. Huko ndiko kuna meno, na huko ndiko kuna kura za turufu. Wakati huohuo setilaiti inaangalia geti la nyuma, kwa sababu saa za kukataliwa ndizo saa za malori. Parchin, kambi ya jeshi kule Iran, wakaguzi waliomba kuingia 2012. Katika kusubiri, picha zikaonyesha udongo unakwanguliwa na lami inamwagwa. Sampuli zilichukuliwa Septemba 2015, tena na Wairani wenyewe huku IAEA ikifuatilia, jambo lililoleta kelele nyingi.

Na kwa Iran, mwaka 2025 tatizo liligeuka. Kabla ya mashambulizi ya Juni 2025, IAEA ilikadiria Iran ina kilo 440 na ushee za urani ya asilimia 60. Zilikuwa zinahesabiwa na kupigwa lakiri. Mabomu yakashuka kwenye vituo vya nyuklia vya Natanz, Fordow na Isfahan, Iran ikasitisha ushirikiano, na mwanzoni mwa Julai wakaguzi wakaondoka. Ndege inaweza kuvunja jengo. Haiwezi kukwambia kilo ngapi zilikuwa ndani jana usiku na ngapi zilikuwa zimeshapakiwa kwenye gari.

Bint Pangani

Na kadiri muda unavyopita bila mtu kuzihesabu, hata wakirudi itabidi waanze upya: daftari, vyombo, vumbi, mahojiano. Sampuli iliyokatika mnyororo (haijulikani ilikuwa mikononi mwa nani) sisi tunaimwaga. Wao hawana anasa hiyo.

Mzee wa Hoja Nzito

Nakubali kuhusu kilo. Ila mbona hakuna aliyeandika Dimona, kituo cha nyuklia cha Israel?

Mkaa Pembeni

Nilikuwa nakusubiri wewe. Israel haijasaini NPT, kwa hiyo IAEA haina mlango wa kuingilia Dimona. Wamarekani ndio walitembelea pale miaka ya 1960, mara ya mwisho 1969. Tarehe zilipangwa na mwenyeji, njia ya kupita ilipangwa na mwenyeji, na ghorofa za chini ambako plutoni ilikuwa inatengwa hawakuziona. Mwaka 1986 fundi wa humo, Mordechai Vanunu, akatoa picha kwa gazeti la London. Akatekwa Roma, akafungwa miaka 18.

Mzee wa Hoja Nzito

Fungua uzi wake. Huo nitakuja mapema.